Linabana Tena

Gauni la mwalimu lilirudi kwa mara ya nne.

"Linabana kwapani," alisema mwalimu, akiliweka juu ya cherehani. "Sijui nina nini, fundi."

Fundi alikuwa akipima kwa macho. Kwa miaka kumi na minane alimtazama mteja mara moja tu, akaandika vipimo, na nguo ikakaa. Mkono wake haukumgusa mtu. Wateja walimsifu kwa ustaarabu. Mchumba wake wa mwisho hakumsifu. Aliondoka akisema amechoka kuishi na sanamu la kuvalishia nguo. Fundi alimbebea begi hadi kituoni, akarudi kumalizia suruali ya watu. Hakuhisi kitu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

"Kaka, macho yamezeeka hayo," alidakia dada yake, aliyekuwa akitia vifungo kwenye kona yake. "Shika futi."

"Naam, leo nipime kwa futi," mwalimu alisema, akanyoosha mikono. "Mimi siumi."

Fundi alirudi nyuma hatua moja. Alimwogopa, na alijua kwamba anamwogopa.

"Dada, mpime wewe."

Dada alipima, akalinganisha na daftari, akacheka. "Hajaongezeka hata nusu inchi! Kosa ni lako, kaka. Kubali yaishe."

"Ni langu," alisema fundi.

Aliingia na gauni nyuma ya pazia. Alipotoka alikuwa amelikunja tayari.

"Nirudi lini kulijaribu?" mwalimu aliuliza.

"Hakuna haja, limeshakaa. Likibana tena, mpelekee fundi wa ng'ambo ya barabara. Yule hupima kwa futi."

Mwalimu alimtazama. Kisha akalitia gauni mkobani, akafunga zipu, akasema asante, akaenda zake.

"Yaani umempa mwenzako mteja hivi hivi!" dada alimaka. "Tena mteja mzuri kama yule!"

Fundi alirudi kwenye cherehani. Alipobaki peke yake alifungua droo, akaweka humo nyuzi za kahawia alizozifumua nyuma ya pazia, pamoja na zile za wiki tatu zilizotangulia. Ulikuwa mshono wa mkono, uliopindapinda, wa mtu asiyezoea sindano. Gauni lile yeye alilishona kwa mashine, kwa uzi mweusi.