Nyota Iliyorudi Nyuma

Nyumbu hulala pua zikielekea nyota iliyo upande wa mto, ili wakiamka gizani wasipotee njia. Kiangazi kimoja Kimulimuli alitua kwenye pembe ya kiongozi wao, akajitangaza:

"Mimi ndimi nyota yenu. Nimeshuka niwaongoze. Ile ya juu iko mbali mno, haiwajali."

Nyumbu wenye kiu wakainuka. Nungunungu, msafiri mwenzao asiyeamini hata kivuli chake, akauliza, "Jana ulikuwa wapi?"

"Mbinguni."

"Na mto uko wapi?"

"Maswali mengi ni dalili ya moyo mgumu," Kimulimuli akajibu, akaruka kuelekea korongoni. "Nifuateni!"

Nungunungu akanong'ona, "Tulieni kwanza. Asisogee mtu."

Wakatulia. Mwanga ukaenda, ukasita, kisha ukarudi mbio.

"Mbona hamji?" Kimulimuli akafoka.

"Nyota yetu haijawahi kurudi kutazama nani anaifuata," Nungunungu akasema.

Kabla Kimulimuli hajajibu, sauti ya Fisi ikaita kutoka korongoni: "Kimulimuli, umewafikisha wapi? Wenzako tumeshakaa mkao wa kula!"