Foleni ya Mutakura

Simu ilipolia tena, Rachid alitamani asiipokee. Alikuwa Hiba, shemeji yake, akipiga kutoka Buterere. Uchungu wa Sumaya, mke wa Rachid, ulikuwa umemkaza tangu alfajiri na mtoto hashuki. Mkunga wa jirani alikuwa amemtazama, akatikisa kichwa, akasema apelekwe hospitali upesi. Gari la wagonjwa walishalipigia simu, nalo halikuwa na mafuta.

"Shemeji, fanya haraka," Hiba alisema. "Huku tunabakia kuomba Mungu tu."

Haraka ipi? Teksi yake ilikuwa kavu kabisa, imekaa kwenye foleni ya Mutakura tangu jana, na mbele yake magari yalipangana mpaka yakapotelea kwenye kona. Jana alikuwa akizunguka mjini na matone yake ya mwisho ya mafuta, akaona mkia wa foleni, akajiunga. Hakuuliza kitu. Bujumbura ya siku hizi haina maswali: ukiona magari yamejipanga, jipange kwanza, mengine utayajua ukiwa na nafasi yako. Dereva wa mbele yake alimhakikishia kuwa lori la mafuta linaingia baada ya adhuhuri. Yeye naye alikuwa ameambiwa na wa mbele yake.

Shida ikiwa ya wote, watu huwa wepesi wa kugawana. Tangu jana watu wasiojuana walikuwa wamegawana chai, maandazi, chaja za simu na manung'uniko. Mama mmoja muuza vitenge, Huguette, aliyelala kwenye gari la nyuma ya teksi, aliisikia simu ile yote. Hakumwomba Rachid ruhusa. Alijifunga kitenge kiunoni akaipanda foleni gari kwa gari, akiwaambia madereva kuwa kuna mke wa mtu anakufa na mimba Buterere, na mumewe yuko hapa hana la kufanya.

Hakuna aliyekataa. Wanaume ambao jana nusura wazipige kwa ajili ya hatua moja ya nafasi walishuka, wakayasukuma magari yao pembeni, kisha wakarudi kuisukuma teksi. Walisukuma juani, kwenye mwinuko, mashati yamelowa, na waliochoka wakapokewa na wenye magari ya mbele. Rachid alishika usukani akilia waziwazi, wala hakujifuta. Alikuwa ameshaanza kuamini kwamba watu wa mji huu wamekaushwa roho pamoja na matangi yao. Alijiona mjinga, na aliwapenda wote.

Walipoikata kona, likabaki gari moja tu, la kwanza kabisa, limesimama mbele ya lango la kituo. Lango lilikuwa limefungwa na pampu hazina mtu, lakini ndivyo vituo vyote vilivyo mpaka lori lifike. Gari lilikuwa la mzee Hamoud, mwenye duka la tangu enzi za baba yake, naye alikaa kwenye kigoda kando ya mlango, tasbihi mkononi. Foleni nzima ilimheshimu. Mtu mzima kama yule, walisema, hawezi kukaa hapo bure. Asubuhi walimpelekea chai.

Nafasi ya wa kwanza haichukuliwi hivihivi, huombwa kwa mwenyewe. Rachid alichuchumaa mbele ya mzee, akamsalimia, akamweleza habari za Sumaya toka mwanzo hadi mwisho. Alimsihi lori likifika amwachie atie mafuta kabla yake, hata lita chache tu. Nyuma yake watu waliosukuma walisimama wakihema. Simu ilikuwa inalia tena mfukoni.

Mzee Hamoud alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yakimlengalenga.

"Pita, mutoto yangu, mi sina neno," alisema. "Lakini lori gani? Mi esansi ya gari iliniishia hapa juzi, nikakaa kungoja mutu wa kunivuta. Halafu nikaona munajipanga nyuma yangu, nikasema bila shaka nyi mumesikia kitu, njo maana nikabakia."