Taa ya Pembeni

Makame alikuwa ameugeuza mlango wao wa zamani kuwa meza, na mteja aliyeinunua angekuja kuichukua jioni. Chini ya balbu ya darini, ubao haukuonyesha hata kovu.

"Ishushe taa pembeni, Baba Riziki," mkewe alimwambia kutoka jikoni. "Hiyo ya juu inakudanganya."

Akaishusha. Mwanga ukaulalia ubao, na chini ya vanishi zikajitokeza chale saba alizodhani randa imezimaliza, zile alizozichonga mlangoni kila Idi alipompima Riziki kimo.

"Bado ina mikwaruzo?"

"Njoo uone."

Akaja akijifuta mikono kwa kanga. Kidole chake kikapanda chale kwa chale hadi ya saba, kisha kikaendelea kwenye ubao mtupu, kimo ambacho Riziki hakujaliwa kukifikia. Makame akauweka msasa chini, akakisogezea taa.