Dole Kwenye Gia

"Sisugui," alisema yule mama wa tanuri, akaitua gia mezani, mbele ya bosi aliyemwamuru aipige msasa.

Bosi alihisi damu ikimpanda kichwani. Gia zote zilizotoka kwenye mvuke zilikuwa na ngozi ya buluu iliyokoza, laini, isiyo na doa. Hii moja ilikuwa na alama ya dole gumba, na kovu lililolikata mshazari. Mtu aliishika bila glovu kabla haijaingia kwenye tanuri la mvuke. Jasho la mkono halionekani kwenye chuma kibichi. Mvuke ndio unaoliumbua.

Mwezi uliopita kiwanda kilisemwa vya kutosha mitaani. Hakutaka aibu nyingine. Akawapanga wafanyakazi mstari, akatangaza kwamba mwenye dole hilo anafukuzwa leo, na asipopatikana watafukuzwa wote.

Akapita na kioo cha kukuzia, dole kwa dole. Fundi wa kushindilia unga wa chuma akatania kwamba lake limelika kwa kuosha masufuria ya mkewe. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekuwa na kovu.

Akabaki mama wa tanuri, mgeni, wiki yake ya kwanza kazini. Alikuwa amefumbata mikono kifuani.

"Mama, usinichezee. Lete mkono."

"Nitauleta, bosi. Lakini huenda gia hii iliguswa na mpita njia tu, huko nje."

"Mpita njia gani? Imeshindiliwa humu, imechomwa humu, imekaa ghalani humu mwezi mzima ikisubiri mvuke. Hata geti haijaliona."

"Kwa hiyo mwenye dole alikuwa humu ndani."

"Unanifundisha kazi? Alikuwa humu, kwenye kazi yangu, na hata mbele ya hakimu nitaapa hivyo hivyo."

Mama akawageukia wenzake, akawauliza kama wamesikia. Wawili watatu wakainamisha macho. Fundi wa kushindilia akajibu kwamba wamesikia, tena vizuri.

Ndipo akavua glovu. Dole lake lilikuwa zima, halina hata mchubuko.

"Ni la mume wangu, kovu lake nalijua," alisema. "Yule uliyewaambia polisi mwezi uliopita kwamba mlimkuta amekufa nje ya geti, na kwamba humu hajawahi kukanyaga."