Benchi la Wanaume

"Mimi ndiye daktari bora mjini hapa," Daktari Mwanakheri alipenda kusema, kisha kuongeza, "kwa sababu niko peke yangu."

Alikuwa mwanamke wa kwanza kutibu familia nzima katika mji ule, ila familia zenyewe zilimjia nusu. Benchi la wanawake lilijaa pomoni. Benchi la wanaume lilikaliwa na vumbi, tangu Mzee Bwanaheri aape barazani kwamba hatavuliwa shati na mwanamke asiye mkewe. Wakubwa wa hospitali walishaamua: mwezi ukiisha benchi lile halijapata mtu, daktari ahamishiwe wodi ya wazazi, akazalishe tu.

Siku ya mwisho, Mzee Bwanaheri akaingia na mkewe, Bi Msiwa. Akamkalisha mbele ya daktari, yeye akasimama nyuma.

"Mke wangu anaumwa. Mkojo unamtoka matone matone."

Bi Msiwa alikuwa akitafuna karanga, buheri wa afya.

"Pole, mama. Na kiuno je?"

"Kinamuuma sana," akajibu mzee.

"Usiku analala?"

"Atalala wapi, masikini."

Daktari aliandika bila kuinua macho. "Na akinyoa ndevu, kidevu kinamwasha?"

"Kinawaka moto, daktari."

Karanga zilimtoka Bi Msiwa mdomoni. Nje, wanawake walicheka mpaka benchi likalia.

Daktari alichukua kitambaa, akaenda kupangusa vumbi kwenye benchi la wanaume. Aliporudi, Mzee Bwanaheri alikuwa ameinamisha kichwa, na vidole vyake vimeshika kifungo cha kwanza cha shati.