Kiapo cha Zamda

Zamda alikuwa anakwenda kuolewa Muskati, na huko walitaka hati ya kiapo kwamba hana mume. Mashine ya msajili ilipomuuliza, akainamisha macho, akajibu kama wajibuvyo wasichana wote wa Tanga: "Sina mtu."

Mhuri ukagongwa. Enzi hizo hati haikosei. Kisicholingana nayo hufutwa papo hapo, hata vichwani mwa watu.

Nyumbani alimkuta mama yake akikunja doti za kanga za safari.

"Karibu, mwanangu," mama akasema, kisha akamkazia macho. "Unamtafuta nani?"

"Mama, ni mimi, Zamda!"

Mama akamwonea huruma. "Kanga hizi hata sikumbuki nilimnunulia nani. Chukua doti moja, binti. Naona huna mtu."