Kidole cha Mama Eliwaza

Mahubiri yalikuwa yamepamba moto mtoto wa Ndeshi alipoangua kilio. Ndeshi akatoa ziwa palepale kwenye benchi, akamnyonyesha. Watu wakageuka kutazama. Mama Eliwaza, mzee wa kanisa, akainuka kwenda kumtoa nje.

"Mwanangu," alimnong'oneza, "humu ni nyumbani mwa Bwana."

"Shikamoo, mama. Nje mvua inanyesha, na huyu ana njaa."

Kabla Mama Eliwaza hajajibu, mtoto, bila kuachia ziwa, akamkamata kidole, akaking'ang'ania kama mali yake. Moyo wa mama yule ukalainika. Akaketi.

Mchungaji alipowaita wazee mbele, wote walikwenda isipokuwa yeye.

"Mama, unaitwa," Ndeshi alimwambia.

"Nimesikia," alijibu, na kidole hakukitoa.